Nane kwa Nane

Amplifaya yangu ya kwanza ilifia Sikonge,
saa nne usiku, katikati ya harusi,
kwa harufu ya plastiki na nywele zilizobabuka.
Nilikuwa nimechomeka kasha langu la omu nane
pamoja na lile la nne, la kuazima,
nikidhani spika ni kama matuta ya viazi:
ukiongeza, umeongeza.

"Hukuongeza," alisema Mlekwa fundi,
miwani yake imefungwa uzi, pale Ng'ambo,
nyuma ya duka la baiskeli.
"Ulipunguza. Omu huhesabiwa kinyumenyume.
Bomba moja, maji yanapita kwa adabu.
Fungua la pili, la tatu,
pampu inajiua kwa kukimbia."
Akaandika ukutani kwa chaki:
nane kwa nane ni nne, amplifaya inalala salama.
Nane kwa nne...
hapo hakumalizia, alifuta kwa kiwiko.

Basi nikaanza kutafuta nane.

Ntinginya seremala alinitolea la mninga,
jekundu, limepigwa msasa mpaka inzi anateleza.
Tulilinyanyua watu wanne.
Nikagusa uzi mnene, na kasha zima likaitika
kwa sauti yake lenyewe, si yangu.
Mninga ni wa milango na vitanda, nilimwambia,
besi inataka ubao usio na maoni.
Alininunia wiki mbili.

Stesheni lilishuka jingine na treni,
jepesi kama tenga la kuku,
mgongoni kibandiko: wati elfu mbili.
"Elfu mbili za nani?" Mlekwa akacheka.
"Hata transfoma ya Isevya haina majivuno hayo."

Lililonifaa lilikuwa Kiloleni,
jikoni kwa Bi Kalunde, limebeba ndoo za asali
na debe la karanga.
Inchi kumi na tano, kama langu.
La marehemu mumewe, Kapaya.
"Lilivunja vikombe vyangu viwili," alisema,
akifuta sisimizi kwa upande wa khanga,
"vikatembea wenyewe mpaka ukingoni mwa kabati.
Toa laki na themanini."
Sikubishana. Nilibeba na harufu ya asali.

Mita ya Mlekwa ilisoma sita na nukta tatu.
Moyo wangu ukashuka.
"Hiyo ndiyo nane," alisema. "Mita inaipima imelala.
Ngoja iamke."

Tukayapanga, moja juu ya jingine. Nikapiga.
Besi haikuwapo.
Vidole vilikuwapo, mkwaruzo wa nyuzi ulikuwapo,
lakini ule uzito wa tumboni, hamna.
Mlekwa alisimama mbele yake
kama mtu aliyeingia chumbani
akasahau alichokifuata.

Akatoa betri ya redio, akaigusisha waya.
Koni ya kasha langu ikaruka mbele.
Akagusisha ya Kapaya: ikarudi ndani.
Moja linasukuma hewa, lenzake linaivuta,
kazi yote inaishia kati yao.

"Alikosea kuunga," nilisema.
Lakini nilipompigia Bi Kalunde, akasema
makasha yalikuwa mawili.
La pili liliisha na mchwa, mwaka wa mvua zile.

Kwa hiyo hakukosea.
Yalikuwa yanarudi nyuma pamoja,
hatua moja, miaka yote ile,
na hakuna mchezaji aliyewahi kujua.

Mlekwa alishapasha chuma cha risasi,
bisibisi iko kwenye skrubu ya Kapaya.
Nikamshika mkono.
Nikafungua langu.
Nyekundu penye nyeusi, nyeusi penye nyekundu.

Kisha uzi mnene, wazi, bila kubana kitu.
Rimu za baiskeli zilizotundikwa dukani
zikaanza kunung'unika moja baada ya nyingine.
Simu niliiacha juu ya kasha, sikuwa nimeikata.
Ikatembea, ikatembea, ikaanguka.

Nilipoiokota Bi Kalunde alikuwa bado hewani.
"Ndivyo," alisema. "Kikombe cha kwanza
kilianza hivyohivyo."